Mnada wa maegesho ya boti Uingereza: Nani anastahili ukingo wa mfereji?

Huenda likamshangaza msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kusikia kwamba Uingereza, nchi yenye reli zinazopita chini ya ardhi na majengo ya kila aina, inao maelfu ya watu ambao makazi yao ya kudumu ni boti. Wanalala humo, wanapika humo, wanalea watoto humo, na asubuhi wanashuka ukingoni kwenda kazini kama wafanyakazi wengine wowote. Boti nyingi kati ya hizo ni nyembamba mno, upana wake ukiwa ni zaidi kidogo ya meta mbili, kwa sababu mifereji mingi ya katikati ya nchi hiyo ilichimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita na malango yake ya kupandishia na kushushia vyombo hayapitishi kilicho kipana zaidi.

Linaloshangaza zaidi ni gharama ya kuiacha boti hiyo mahali pamoja. Katikati ya London, nafasi ya ukingo ambayo mtu anaruhusiwa kuishi inaweza kumgharimu zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka. Hiyo si bei ya boti. Ni bei ya kufunga kamba mbili ukingoni na kuwa na haki ya kuziacha hapo. Huko vijijini, nafasi yenye urefu uleule hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Na kwa miaka mingi tangu 2007, bei za nafasi nyingi zilizobaki wazi hazikupangwa mezani na ofisa yeyote, bali zilitokana na ushindani. Mwenye dau kubwa alipewa, wengine wakaendelea kutafuta.

Kiswahili kinatumia neno moja, dau, kwa chombo cha majini na kwa fedha ambayo mtu anaiweka katika mashindano. Ni katika mifereji ya Uingereza ambapo maana hizo mbili zimekutana.

Utaratibu huo umesifiwa kwa uwazi wake na kulaumiwa kwa ukali wake. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, wanaousifu na wanaoulaumu wote wanasema kweli, ila wanazungumzia vitu viwili tofauti. Wa kwanza wanazungumzia maegesho. Wa pili wanazungumzia makazi. Kiini cha mgogoro wote ni kwamba mnada mmoja umetumika kuviuza vyote viwili kana kwamba ni kitu kimoja.

Mifereji yenyewe haikuchimbwa ili watu waishi humo. Ule wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761, ulikusudiwa kupeleka makaa ya mawe Manchester kwa bei nafuu, nao uliamsha tamaa ya matajiri kuchimba mingine nchi nzima. Regent's Canal, unaopita Camden na King's Cross jijini London, ulikamilika mwaka 1820. Baadaye reli ikaja ikanyakua mizigo, kisha malori yakanyakua iliyosalia. Serikali iliitaifisha sehemu kubwa ya mifereji hiyo mwaka 1948, ikiwa tayari ni mali inayozeeka, na baridi kali ya mwaka 1962 kuingia 1963, iliyogandisha maji kwa wiki nyingi, iliimaliza kabisa sehemu kubwa ya biashara ya mizigo iliyokuwa imebaki. Mwaka huohuo wa 1963 shirika la umma la British Waterways lilianza kazi ya kusimamia urithi ambao wengi waliudhani hauna mwenyewe.

Walioiokoa mifereji hiyo isifukiwe walikuwa hasa wapenzi wa boti, wengi wao wa kujitolea, waliojikusanya katika Inland Waterways Association tangu mwaka 1946. Walisafisha matope na kufufua malango yaliyooza. Miaka ikapita, mifereji ikapendeza, na mandhari iliyokuwa ya viwanda vichafu ikawa mahali pa matembezi na migahawa. Nyumba za kando ya maji zikapanda bei. Kodi za nyumba London nazo zikapanda kiasi kwamba kijana mwenye mshahara wa kawaida alianza kuiona boti kuukuu kama ndiyo nyumba pekee anayoweza kuimudu. Leo mtandao wa maji unaosimamiwa na Canal & River Trust, shirika la hisani lililochukua kazi za British Waterways katika England na Wales mwezi Julai 2012, una urefu wa kilometa zipatazo 3,200 na boti zaidi ya 30,000 zenye leseni. Shirika hilo hupenda kueleza kwamba idadi hiyo inazidi ile ya enzi za mapinduzi ya viwanda.

Tatizo ni kwamba mfereji una urefu mkubwa lakini nafasi chache. Ukingo mmoja huwa ni njia ya watembea kwa miguu, wa pili mara nyingi ni mali ya watu binafsi. Lazima pabaki uwazi wa boti kupita, za kugeuza na za kusubiri zamu ya kuingia langoni. Hata mwenye nyumba ambaye bustani yake inaishia kwenye maji hulipa ada akifunga boti hapo, kwa kuwa ukingo ni wake lakini maji si yake.

Ili kuelewa kwa nini watu hupigania nafasi hizo, ni vyema kuitazama Sheria ya British Waterways ya mwaka 1995. Kifungu chake cha 17 kinamtaka mwenye boti anayeomba leseni atimize moja kati ya masharti mawili. Ama awe na mahali maalumu ambapo boti yake inaweza kukaa kihalali, ama boti itumike kwa safari za kweli kweli kwa muda wote wa leseni, bila kukaa mahali pamoja mfululizo zaidi ya siku 14, isipokuwa pawepo sababu ya msingi ya kukaa zaidi. Basi asiye na egesho ni msafiri kwa amri ya sheria. Kila baada ya wiki mbili anang'oa vigingi, anawasha injini na kusogea, awe na mtoto shuleni au hana, awe na zamu ya usiku hospitalini au hana.

Kwa hiyo anayenunua egesho hanunui sehemu ya kufungia kamba tu. Ananunua pia haki ya kutosumbuliwa kila baada ya siku 14. Egesho la kuishi linampa anwani, shule ya kudumu kwa mtoto, daktari asiyebadilika. Ukilisahau hilo, bei za London zitaonekana kama wazimu wa matajiri. Ukilikumbuka, utaona ni watu wanaolipia utulivu.

Kabla ya mwaka 2007 utaratibu uliozoeleka ulikuwa orodha ya kusubiri. Mtu aliandikisha jina na kungoja mwenye nafasi aondoke, jambo ambalo katika maeneo yenye mvuto lingeweza kuchukua miaka. Foleni ina heshima yake machoni pa Waingereza, na hata kwetu anayeiruka huzomewa. Hata hivyo foleni ya mifereji ilikuwa na kasoro ambazo hata watetezi wake hawakuzikana. Jina la mtu liliweza kukaa katika orodha za sehemu kadhaa bila yeye kuwa na haja ya kweli. Aliyehamia mji huo jana, hata akiwa na shida kubwa kiasi gani, alianzia mwisho. Na kila penye orodha isiyobandikwa ukutani pana minong'ono kwamba fulani alipenya kwa kufahamiana na fulani. Minong'ono si ushahidi, lakini shirika la umma haliwezi kuipuuza.

Kilichoharakisha mabadiliko, hata hivyo, ni ukata. Mwaka 2006 wizara inayoshughulikia mazingira, chakula na mambo ya vijijini ilijikuta na pengo la bajeti, lililotokana kwa sehemu na kuvurugika kwa malipo ya ruzuku za wakulima, ikaamua kupunguza fedha za British Waterways katikati ya mwaka wa fedha. Wenye boti waliandamana majini kupinga. Fedha hazikurudi, na shirika likalazimika kujiuliza ni rasilimali gani liliyonayo inayouzwa chini ya thamani yake. Jibu halikuwa mbali. Isitoshe, wamiliki binafsi wa bandari za boti, ambao walikuwa wakishindana na shirika hilo kwa wateja walewale, hawangependa kuona chombo cha umma kikitoza bei ya chini kuliko ya soko.

Ndipo mwaka 2007 yalipoanza majaribio ya zabuni. Nafasi iliyobaki wazi ilitangazwa pamoja na bei ya chini inayokubalika. Kila aliyeitaka aliandika kiasi alicho tayari kulipa kwa mwaka, bila kujua wenzake wameandika nini. Zabuni zilipofunguliwa, aliyeandika kiasi kikubwa ndiye aliyepata.

Kwa mtazamo wa haraka jambo hili ni rahisi na la haki. Lakini zabuni ya siri ina mtego ambao wachumi waliuchambua muda mrefu kabla ya British Waterways kuutega. Tuchukue mfano wa kubuni. Nafasi moja imetangazwa kwa bei ya chini ya pauni 2,000. Mstaafu mmoja yuko tayari kulipa hadi pauni 3,500, muuguzi hadi 3,000, na wa tatu hadi 2,400. Katika mnada wa wazi bei ingepanda taratibu mpaka muuguzi anyamaze, na mstaafu angelipa kiasi kidogo tu juu ya 3,000. Katika zabuni ya siri mstaafu anabaki kubahatisha. Akiandika 3,400 atashinda, lakini kila mwaka wa mkataba atalipa karibu pauni 400 ambazo hapakuwa na haja ya kuzilipa. Akijaribu kubana matumizi akaandika 2,800, muuguzi aliyeandika 2,900 atamzidi, na nafasi itakwenda kwa mtu ambaye haikuwa na thamani kubwa zaidi kwake. Maana yake ni kwamba hata lile lengo la kumpa anayeithamini zaidi linaweza kukosekana.

William Vickrey, mchumi aliyezaliwa Canada, alilieleza tatizo hilo katika andiko lake la mwaka 1961 na kupendekeza dawa isiyotarajiwa: mshindi awe mwenye zabuni ya juu, lakini alipe kiasi kilichoandikwa na aliyemfuatia. Hapo hakuna sababu ya kubahatisha, kila mtu anaandika ukweli wake. Vickrey alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, akafariki dunia siku chache tu baada ya kutangazwa. Muongo mmoja baadaye, waliobuni zabuni za mifereji hawakuitumia dawa yake.

Kuna na jambo la pili ambalo wataalamu huliita laana ya mshindi. Wahandisi wa kampuni za mafuta waliokuwa wakigombea vitalu katika Ghuba ya Mexico walilieleza hadharani mwaka 1971: pale ambapo kila mmoja anakisia thamani ya kitu asichokijua vizuri, anayeshinda kwa kawaida ni yule aliyekosea zaidi kwa kuzidisha. Kampuni ya mafuta hujifunza, kwa kuwa inashiriki minada mingi na inaajiri wakokotoaji. Mwenye boti anaweza kushiriki mara moja katika maisha yake, akiwa na hofu ya kubaki bila mahali pa kwenda, na hajawahi kuona nafasi kama hiyo ikiuzwa jirani kwa kiasi gani. Kumwita mtu wa namna hiyo mzabuni ni kutumia lugha ya kiofisi kwa mtu anayecheza bahati nasibu.

Malalamiko yalikuwa mengi, na hofu iliyosikika zaidi ilitoka kwa watu ambao hawakuwa wakigombea chochote, yaani waliokuwa tayari na maegesho. Waliona kwamba bei iliyotajwa na jirani mpya kwa kukata tamaa ingeweza kugeuzwa kesho kuwa kipimo cha "bei ya soko" kwa safu nzima. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki. Mnada wa nafasi moja kati ya ishirini hutoa habari za mtu mmoja aliyetaka zaidi kuliko wote. Hausemi lolote kuhusu uwezo wa wale kumi na tisa.

Baadaye zabuni za siri ziliachwa, na nafasi zikaanza kugombewa wazi kwenye intaneti. Huu ni mnada ambao yeyote aliyewahi kufika soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam angeuelewa bila maelezo: kila mtu anajua mwenzake amefikia wapi, na anaweza kuamua kuongeza au kuachia. Nafasi zisizogombewa sana zimekuwa zikitolewa kwa bei iliyotajwa, anayewahi akapata. Canal & River Trust iliurithi utaratibu huo mwaka 2012.

Ni haki kukiri kwamba mabadiliko hayo yaliondoa aibu kubwa ya mfumo wa awali. Mnada wa wazi hauna mjomba. Ofisa hawezi kumpendelea rafiki yake, na mwenye kukosa anajua hasa amekosa kwa pauni ngapi. Kwa mtu anayetaka mahali pa kuhifadhi boti yake ya mapumziko ya mwisho wa wiki, huku akiwa na nyumba yake ya matofali Birmingham au Leeds, ni vigumu kuona ubaya wowote. Starehe ni starehe, na anayeitaka zaidi ailipie zaidi.

Fedha hizo nazo zina kazi ya kufanya. Mifereji ni mizee na inavuja. Mwezi Agosti 2019 sehemu ya bwawa la Toddbrook, linalohifadhi maji ya mfereji juu ya mji mdogo wa Whaley Bridge, ilibomoka baada ya mvua kubwa na wakazi wapatao 1,500 wakahamishwa kwa hofu ya mafuriko. Shirika linalotunza mabwawa ya aina hiyo haliwezi kuambiwa ligawe ukingo wa katikati ya London kwa bei ya kirafiki, kisha likaulizwa kwa nini kuta zinaanguka.

Hoja ya kutumia mnada kugawa mali ya umma iliyo adimu si ngeni. Ronald Coase aliitetea mwaka 1959 kuhusu masafa ya redio, na mwaka 2000 serikali ya Uingereza ilipata takribani pauni bilioni 22.5 kwa kuyapiga mnada masafa ya simu za kizazi cha tatu. Tanzania nayo imekwisha kuuza masafa kwa njia hiyo. Lakini kampuni ya simu hulipa kwa mtaji na matumaini ya faida. Mwenye boti hulipa kwa mshahara. Mnada unapima utashi na uwezo kwa pamoja, na hauna njia ya kuvitenganisha. Muuguzi wa mfano wetu aliposimama kwenye 3,000, hakuna ajuaye kama alisimama kwa sababu nafasi hiyo haikuwa muhimu kwake kuliko kwa mstaafu, au kwa sababu akiba yake ilikuwa imekwisha.

Hapa ndipo tofauti ya maegesho na makazi inapoanza kuuma. Meta chache kutoka mfereji wa Regent's zipo nyumba za halmashauri, nazo zimejengwa juu ya ardhi ya umma katika jiji lilelile lenye uhaba uleule. Nyumba hizo hazipigwi mnada. Sheria inaitaka halmashauri izingatie mahitaji: nani hana pa kuishi, nani ni mgonjwa, nani ana familia iliyosongamana katika chumba kimoja. Diwani ambaye angependekeza zigawiwe kwa mwenye dau kubwa asingechaguliwa tena. Ila familia ileile ikishuka ngazi na kuingia katika boti, inahesabiwa kuwa mteja, na mahitaji yake hayaulizwi na mtu.

Tena, mteja huyo hupata kidogo sana kwa fedha zake. Wakazi wa nyumba za kuhamishika zilizoegeshwa kwenye viwanja vya nchi kavu wanalindwa na sheria ya mwaka 1983 inayowapa haki ya kutoondolewa ovyo. Boti hazimo katika ulinzi huo. Mwenye egesho ana mkataba wa miaka michache, na muda ukiisha anategemea masharti ya aliyempa. Kwa hiyo anayeshindania nafasi ya kuishi anataja kiasi anachoweza kukitaja kwa ajili ya nyumba, lakini anachokabidhiwa kisheria kinafanana zaidi na kibali cha kuegesha. Pengo hilo kati ya kinacholipiwa na kinachopatikana halionekani popote katika takwimu za mnada.

Kuna swali jingine ambalo wachumi wanaoupenda mnada hawalipendi sana. Bei ya juu katika soko la kawaida huwa ni ishara kwa wauzaji kuongeza bidhaa. Je, nani anaweza kuongeza ukingo? Katika mifereji, muuzaji ndiye mwenye maji, ndiye anayesema nafasi ziwe ngapi, na ndiye anayepokea malipo. British Waterways ilikuwa na sera ya kupunguza nafasi moja ya ukingoni kwa kila nafasi kumi mpya zilizojengwa katika bandari za pembeni zilizo karibu, ili mfereji usigeuke kuwa mstari mmoja mrefu wa boti zilizolala. Sera hiyo ilikuwa na busara kwa wanaosafiri, maana kupita kando ya boti zilizofungwa humlazimu nahodha kwenda mwendo wa kinyonga. Lakini hatuwezi kuiita "bei ya soko" ile inayotokana na uhaba ambao sehemu yake imepangwa na muuzaji mwenyewe.

Sehemu nyingine ya uhaba huo iko mikononi mwa halmashauri. Nafasi haiwi ya kuishi kwa kutangazwa tu, bali inahitaji kibali cha mipango miji, na majirani wenye madirisha yanayotazama maji wana uzoefu mkubwa wa kuandika barua za pingamizi. Moshi wa majiko ya kuni, kelele za injini na nguo zilizoanikwa juu ya paa huwa na nguvu mbele ya kamati za mipango. Sheria ya Nyumba na Mipango ya mwaka 2016 inazitaka halmashauri za England kuzingatia mahitaji ya mahali pa kuegesha boti za kuishi zinapotathmini mahitaji ya makazi katika maeneo yao, lakini haizilazimishi kutoa hata nafasi moja.

Je, kuacha mnada kungeleta nafuu? Amsterdam inatoa jibu la kutia shaka. Jiji hilo lina boti za kuishi zipatazo 2,500, na kwa muda mrefu halijatoa nafasi mpya. Haliendeshi mnada wa maegesho. Badala yake kibali cha mahali kinaambatana na boti, na boti inapouzwa, mnunuzi hulipia vyote viwili. Matokeo yake ni kwamba chombo kikuukuu chenye mahali pazuri huuzwa kwa bei ya nyumba, na fedha zote zinakwenda kwa muuzaji aliyebahatika kuwahi. Jiji halipati chochote kutokana na ongezeko hilo, na maskini hapati nafasi. Uhaba hautoweki kwa kukataa kuupa bei. Unahamia tu katika mfuko mwingine, na wapinzani wa mnada wa Uingereza wanaodai kurudi kwenye foleni ya zamani hawajaeleza kwa kutosha jinsi watakavyozuia jambo hilo.

Kwa hiyo mwandishi huyu haoni sababu ya kuufuta mnada wote. Nafasi za starehe ziendelee kugombewa wazi, na fedha zake zijenge kuta. Zile za kuishi, ambazo ni chache, zingepaswa kutengwa: kodi yake ipangwe kwa kipimo kinachojulikana, mgawanyo uzingatie anayeishi na kufanya kazi karibu, mkataba uwe na ulinzi unaokaribia ule wa nchi kavu, na anayeondoka asiruhusiwe kuiuza nafasi pamoja na boti yake. Mapato yangepungua kiasi. Hilo ni kweli na lisifichwe.

Mwelekeo wa mambo, hata hivyo, ni mwingine. Mwezi Julai 2023 serikali ilitangaza kuipa Canal & River Trust pauni milioni 401 kwa kipindi cha mwaka 2027 hadi 2037, kiasi ambacho kitapungua mwaka hadi mwaka, na shirika likalalamika kwamba kwa thamani halisi ni upungufu wa zaidi ya pauni milioni 300 ukilinganisha na ruzuku ya awali. Miezi michache baadaye lilitangaza ada ya ziada kwa leseni za boti zisizo na egesho. Ada hiyo ilianza Aprili 2024 kwa asilimia 5 na ilipangwa kupanda hatua kwa hatua hadi asilimia 25 mwaka 2028. Chama kinachowatetea wakazi wa boti wanaosafiri, National Bargee Travellers Association, kiliipinga kikisema inawaadhibu watu ambao sheria ya 1995 inawatambua waziwazi. Shirika lilijibu kwamba wanaosafiri hutumia mifereji zaidi kuliko wanaokaa mahali pamoja. Mwishoni mwa 2024 likatangaza kuundwa kwa tume huru ya kuupitia mfumo mzima wa leseni.

Athari ya ada hiyo katika mnada haijazungumzwa sana, ingawa hesabu yake si ngumu. Mwenye boti anapoamua ataje kiasi gani kwa nafasi ya kudumu, analinganisha na gharama na usumbufu wa kuendelea kusafiri. Kila pauni inayoongezwa kwa msafiri inamfanya awe tayari kuongeza pauni kwenye dau. Na anayetoza ada ya kusafiri ni yuleyule anayeuza nafasi ya kukaa.